Maneno Yangu Yalikuwa kwa Nyanya

Harufu ya maganda ya miwati yaliyoanikwa juani hunirudisha Waithaka upesi kuliko picha yoyote. Ni harufu kali kidogo, yenye uchachu wa chai iliyosahauliwa motoni, na mwishoni mwa miaka ya hamsini ilitanda kijiji kizima kila jua lilipowaka, kwa kuwa watu walibandua maganda ya miti hiyo, wakayafunga mizigo na kuwauzia wenye viwanda vya ngozi. Wakati huo tulikuwa tumeondolewa mashambani na kupangwa katika kijiji cha nyumba za mistari, kama wenzetu wengi siku za Hali ya Hatari, na mbele ya kila nyumba palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo mwekundu. Katika kiwanja chetu nyanya alikaa mchana kutwa kando ya maganda yake, akiyageuza kwa kijiti, huku akiongea. Aliongea na mama aliyekuwa akichambua maharagwe, akaongea na jirani aliyepita na mtungi, akaongea na kuku. Asipokuwa na mtu aliongea na maganda yenyewe, akiyalaumu kwa kujikunja. Hakupandisha sauti wala hakukimbiza maneno. Yalimtoka moja baada ya jingine, kama mtu anayepukuchua mahindi yaliyokauka vizuri, na ukimsikiliza ulihisi kwamba kuongea ni kazi nyepesi kuliko zote duniani.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane na sikuweza kutaja jina langu. Kigugumizi kilinianza nikiwa mdogo sana, hata sikumbuki siku nilizoongea bila hicho. Neno lilikuwa tayari kichwani, limevaa na kujifunga mkanda, lakini likifika mlangoni mwa mdomo likasimama, likagonga, likagonga tena, na mimi nikabaki nimekodoa macho na shingo imekakamaa huku watu wakinitazama. Wengine walinisaidia kwa kunimalizia sentensi, na mara nyingi waliimaliza vibaya, nami nikakubali ili mambo yaishe. Watoto wa mstari wetu walikuwa na mzaha wao. Nikianza tu kusema walikaa chini, wakajifanya wamesinzia, kisha mmoja akaamka na kupiga miayo: "Gathoni, bado? Sisi tumeshalala tumeamka!" Nilijifunza kuyakwepa maneno magumu. Siku moja nilitumwa dukani kununua kiberiti, na mwenye duka aliponiuliza ninataka nini, kiberiti kikanikwama, nikaomba sabuni. Mama aliniuliza kama nimerogwa. Sikumweleza, kwa sababu kueleza kungehitaji lile neno kiberiti. Nikaketi nyuma ya nyumba nikiwa na kipande changu cha sabuni, na nakumbuka niliona wazi kwamba mtu anaweza kukaa katikati ya kijiji chenye nyumba zilizobanana kiasi kile na bado awe peke yake.

Ni nyanya tu aliyenisikiliza bila kutazama pembeni. Na kulikuwa na sababu, maana kwa desturi yetu mimi sikuwa mjukuu wake tu. Binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la mama wa baba, na pamoja na jina hupewa nafasi yake. Yeye alikuwa Gathoni, nami nilikuwa Gathoni. Baba yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliniita mama, na hakuniita hivyo kwa kunibembeleza. Akirudi Jumamosi kutoka mjini, alikokuwa fundi seremala katika karakana ya Mhindi mmoja, alimsalimu mama mkubwa, yaani nyanya, kwanza, kisha mama mdogo, yaani mimi, wote wawili kwa heshima ileile, na tulipokosana hakunichapa, maana nani humchapa mama yake? Nyanya mwenyewe aliniita mwenzangu. Jioni moja nilipokuwa nimelia kwa sababu ya wale watoto, alinivuta kwenye magoti yake akasema, "Usihangaike, mwenzangu. Wewe na mimi ni mtu mmoja, na maneno yetu yako katika chungu kimoja. Kwa sasa mwiko ninao mimi. Nikichoka kupakua nitakuachia." Akacheka, nami nikacheka. Kwake yalikuwa maneno ya kumtuliza mtoto. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchukua kila jambo na kuligeuzageuza usiku kucha, na chungu kile nilikipokea kama kitu cha kweli, chenye kimo na kitako.

Mbali na kijiji, kwenye mteremko uliokuwa shamba letu kabla hatujahamishwa, palikuwa na kipande cha chini kilichofika hadi kijitoni. Kilikuwa chembamba, lakini udongo wake ulikuwa mweusi na nduma, yale magimbi yetu, zilistawi hata wakati wa kiangazi. Nyanya alipenda kunipeleka huko tuliporuhusiwa kwenda kulima, na kila mara alinipitisha kwenye mpaka wake akinisimulia jinsi ulivyowekwa. Alisimulia kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, akisimama mahali palepale. Mpaka haukuwa na ukuta wala waya. Ulikuwa mstari wa itoka, yale maua yenye kitunguu kikubwa ardhini ambayo wazee wetu waliyapanda kuonyesha mwisho wa shamba la mtu, na ambayo hakuna aliyethubutu kuyang'oa. Lakini tangu watu wahamishwe, nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu, ng'ombe walikuwa wamepita, na ungeweza kusimama juu ya mpaka usijue. Mimi sikusema kitu katika matembezi yale. Nilifuata nyuma yake na kuyasikiliza maneno yake, na yakaniingia pasipo kujaribu kuyashika.

Kisha, asubuhi moja ya jua kali, nyanya alinyoosha mkono kuelekea birika na kusema, "Nipe hiyo mbuzi." Mama alicheka, nami nikacheka, kwa kuwa nyanya alipenda utani. Yeye hakucheka. Alilitazama birika kwa mshangao, akajaribu tena, akasema, "Hiyo... hiyo kesho." Ndipo mama alipoona kwamba pembe moja ya mdomo wake imeshuka na kwamba kikombe kilikuwa kimelala mkononi mwake bila kushikwa. Mkono ulipata nafuu baada ya siku chache. Maneno hayakupata. Alijua anachotaka kusema, ungeona machoni, alikuwa anakwenda kulichukua neno mahali alipoliweka miaka yote, na mahali hapo alikuta jingine. Aliita moto maji na maji akayaita Jumapili. Mara nyingine yalimjia maneno matatu yaliyonyooka, akafurahi kama aliyeokota kitu njiani, kisha akapotea tena. Maombi ya kabla ya chakula aliyasema yote bila kosa, na hilo lilituumiza zaidi, kwa sababu kila siku, kwa muda wa sala moja, tulimsikia alivyokuwa.

Baba aliomba ruhusa kazini, akatuchukua mimi na nyanya mpaka mjini kumwona daktari wa Kihindi aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa, si mbali na mtaa wa Bazaar. Nilichukuliwa ili nimshike nyanya mkono. Nakumbuka mji ule kwa sauti zake: baiskeli, wachuuzi, wanawake wa Kihindi wakibishania bei kwa lugha moja na kulipa kwa nyingine, askari akiuliza pasi, baba akijibu kwa Kiswahili cha kazini ambacho kilikuwa kifupi na kinyenyekevu kuliko lugha yake ya nyumbani. Kila mtu alikuwa na la kusema na alilisema haraka. Mimi na nyanya tulipita katikati yao kama watu wawili waliobeba maji wasitake yamwagike. Daktari alimwangalia macho, akamgonga goti, akamwonyesha kalamu na kumwuliza ni nini. Nyanya alifikiri sana, akasema, "Shemeji." Daktari hakucheka. Alimgeukia baba.

"Mama nasikia yote. Iko na akili, hapana wazimu. Maneno iko ndani, lakini mulango nakwama."

"Itafunguka lini, daktari?"

"Pengine mwezi, pengine mwaka. Pengine hapana. Mimi hapana Mungu."

Baba alimtafsiria nyanya kwa upole, akaliacha lile la mwisho. Lakini mimi nililisikia. Nililisikia pia neno mlango, na nikashangaa, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kumweleza mtu yeyote kwamba mlango wa aina hiyo upo hata kwangu.

Sasa inanibidi niseme jambo ambalo wakati ule lilikuwa la kutisha na leo naambiwa ni la kawaida. Katika majuma yaleyale ambayo nyanya alikuwa akipoteza maneno, yangu yalikuwa yakilegea. Pengine ulikuwa umri tu. Nilimwuliza mama kama ng'ombe wa jirani amezaa, na swali zima likatoka bila kugonga popote. Nilisimama nikaligusa koo langu. Siku iliyofuata nilimwambia mtoto mmoja aniondokee, naye akaondoka, bila kujifanya amelala. Jirani yetu Mama Karanja, mwanamke mwema asiyeweza kuona kitu akanyamaza, alikuwa amekaa nasi akisaidia kugeuza maganda aliponisikia nikiongea. Alimtazama nyanya aliyekuwa akihangaika kutaja jina la kisu, akanitazama mimi, akapiga makofi. "Jamani, mnaona haya? Mama mkubwa anamwaga, mama mdogo anaokota!" Mama alicheka kwa aibu. Nyanya naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayecheka ili asiachwe nje. Mimi nilisimama na ganda la muwati mkononi, na nikaona kile chungu, mwiko ukiwa upande wangu, na kitako kikianza kuonekana.

Nikaacha kuongea. Sikutangaza, sikulia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nisipopakua, kitabaki chake. Nyumbani haikuonekana mara moja, kwa kuwa walizoea unyamavu wangu, lakini shuleni niliitwa nisome, nikasimama nikakitazama kitabu, na mwalimu akadhani ni kiburi kwa sababu juma lililotangulia nilikuwa nimesoma vizuri. Alinichapa viganja. Wasichana niliokuwa nimeanza kucheza nao kamba, katika zile siku chache za kuongea, waliniita bubu, kisha wakachoka hata kuniita. Nilikuwa nimeonja kidogo tu jinsi ilivyo kusema jambo na mtu akageuka kukusikiliza, na sasa nilikuwa nimeirudisha ladha hiyo kwa mikono yangu. Huo ndio upweke ambao sijaupata tena kwa kiwango kile, wa kuwa na maneno mazuri, mazima, yaliyokuwa tayari kutoka, na kuyameza moja moja kwa ajili ya mtu ambaye nisingeweza kumwambia ninachofanya. Maana kumwambia kungekuwa ni kupakua. Kisha asubuhi moja nyanya alinitazama nikiwasha moto, akafungua mdomo, akasema wazi kabisa, "Gathoni." Jina lake na langu, bila kukosea. Mama aliacha kazi akaja mbio. Mimi niliinama jikoni nikipuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka, maana nilikuwa nimepata ushahidi.

Katika hali hiyo tukapata habari kwamba kamati ya wazee wa ardhi inafika kwenye mgongo wa kilima chetu. Ilikuwa ikipita mahali baada ya mahali, ikisikiliza kila mtu adai vipande vyake vilivyotawanyika, ili vipimwe na kuunganishwa kuwa shamba moja. Mashamba ya juu hayakuwa na ubishi. Kipande cha kijitoni kilikuwa nao. Mzee Ndegwa, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alidai kwamba mpaka ulipita juu zaidi, na kwamba nduma zile zilikuwa zake, sisi tuliazimwa tu. Sidhani alikuwa mwongo. Nadhani aliambiwa hivyo na baba yake, na labda baba yake naye aliambiwa. Wazee wote waliokuwepo siku mpaka ulipowekwa walikuwa wamekufa. Aliyebaki ni nyanya. Kamati ilitaka kumsikia mtu aliyeona kwa macho, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Jumamosi mbili baba alikaa naye chini akimwongoza: "Mama, tuanze. Mpaka ulianzia wapi?" Naye alianza kwa nguvu zote, akasema, "Ulianzia... kwenye blanketi," akasikia kosa lake, akafumba macho. Baba alimshika mkono. Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba asiposema, nduma zitakwenda, na kwamba yeye angeishi akijua ni kinywa chake kilichozipoteza.

Kamati ilikaa kwenye uwanja wa nyasi karibu na soko, wazee kwenye viti vyao vifupi na watu wengine wakiwa wamesimama kuwazunguka. Palikuwa na fimbo nyeusi iliyopita mkononi mwa msemaji, na utaratibu ulikuwa mmoja: aliyeishika hakatizwi. Mzee Ndegwa aliishika, akasema yake vizuri. Baba akaishika, akasema aliyoyajua, na alipoirudisha Mzee Ndegwa akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu ni mtoto wetu, tunampenda. Lakini siku hiyo anayoisimulia alikuwa tumboni. Aliuona mpaka kupitia kitovu?" Watu waliangua kicheko, na baba mwenyewe ikambidi atabasamu. Mwenyekiti, mzee mrefu aliyevaa koti kuukuu la kijeshi, akasema aliyeona aje. Nyanya akapewa fimbo. Alisimama wima. Alisema, "Mume wangu," akatulia, na kila mtu akangoja. "Mume wangu alichinja... alichinja kanisa." Mtu mmoja nyuma alicheka kisha akajizuia. Akajaribu tena, na yakamjia mavuno, na kijiko, na jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilimwona akigeuka, akitafuta kati ya watu, akinipata. Alikuja pale nilipokuwa nimeshika nguo ya mama, akanivuta kwa mkono mmoja mpaka katikati, akaiweka fimbo mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Huyu mtoto ni wa nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Huyu ni mama yangu," baba akasema, kwa sauti yake ya kawaida.

Kungekuwa na kicheko mahali pengine. Pale hapakuwa na mtu asiyeelewa. Wazee walinong'onezana, mmoja akasema sheria ni sheria, mwingine akasema mbona jina limeshika fimbo. Mwenyekiti akainama kidogo. "Haya, mama. Sema unaitwa nani." Lile ndilo neno lililokuwa gumu kwangu kuliko yote. Nilifungua mdomo, na herufi ya kwanza ikagonga, ikagonga, shingo ikakakamaa, macho yakanitoka. Nilingojea mtu animalizie. Hakuna aliyenimalizia. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu, na wanaume wale wazima walikaa kimya, wakitazama nyasi, kana kwamba hawana pengine pa kwenda siku ile yote. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, na nilifikiri. Nikisema, nduma zitabaki zetu, na nyanya hatasema tena. Nisiposema, huenda kesho akaamka na maneno yake, lakini ataamka mtu aliyepoteza shamba la mumewe. Nilimtazama. Alikuwa ameninyooshea kidevu, jinsi alivyofanya alipotaka nisogeze maganda. Sogeza.

"Gathoni," nikasema. Na mara tu nilipoanza kusema maneno yake, kwa sauti yake, kwa mpangilio wake, mlango haukuwepo. "Mume wangu alichinja kondoo kwenye jiwe jeupe pale kijitoni. Wazee wakatoa yaliyokuwa tumboni mwake, wakayamwaga wakipanda mteremko, kutoka jiwe mpaka kisiki cha mti uliopigwa na radi. Mimi nilikuwa nyuma yao nikipanda itoka. Nilikuwa na mimba ya kwanza, kila nikiinama natapika, mpaka baba mkwe akasema huyu atapanda matapishi badala ya itoka." Wanawake walishangilia. Mzee mmoja wa kamati alijipiga paja, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huyo ni yeye! Nilikuwa kijana, sikuwepo pale, lakini tuliimba wimbo juu ya matapishi yale." Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka mahali mstari unapopinda kukwepa kaburi la mbwa. Nilipokuwa nikisema, midomo ya nyanya ilikuwa ikienda pamoja na yangu bila sauti. Kisha, karibu na kisiki, ikasimama. Nami nilizidi kusema peke yangu.

Waliteremka siku hiyohiyo na majembe, wakafukua nyasi pale niliposema, wakavikuta vitunguu vya itoka vimejaa ardhini kama meno. Mzee Ndegwa alikuwa wa kwanza kukubali, na jioni alituletea ndizi. Kijiji kizima kiliniita mama kwa juma zima. Nyanya alikula vizuri, akalala vizuri, na kuanzia siku ile sikumsikia akisema sentensi nyingine iliyonyooka. Hata sala ilimtoka polepole vipande vipande mpaka ikabaki amina. Siku moja, kabla hajafariki, tulipokuwa wawili tu kwenye maganda, nilimwuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo kwa miezi. "Nyanya, nimekumalizia?" Alinigusa shavu kwa kiganja chake chenye harufu ya miwati, akasema, "Kondoo." Alilisema kwa upole mkubwa, kwa sauti ya mtu anayejibu kikamilifu. Nimelifikiria neno hilo zaidi ya somo lolote nililosoma chuoni, na mpaka leo sijui lilikuwa limesimama mahali pa neno gani.

Chuoni nilisoma vitabu vinavyoeleza mambo haya. Vinasema watoto wengi wenye kigugumizi huachwa nacho wakikua, bila sababu inayojulikana, na kwamba mshipa ukiziba kichwani maneno hupotea, kwa kawaida majina ya vitu kwanza, huku sala na nyimbo zikikaa zaidi. Vinasema hata mtu mzima asiyeugua chochote huanza siku moja kulitafuta neno alilolitumia maisha yake yote. Hakuna kitabu kinachotaja chungu. Ninaviamini. Ninafanya kazi mjini sasa, katika ofisi yenye simu tatu, naongea vizuri kiasi kwamba wenzangu hunituma niongee kwa niaba yao, na bado kabla ya kuagiza chai huipanga sentensi kichwani mara kadhaa. Nikitamka jambo zuri mkutanoni, kuna kitu ndani yangu kinachogeuka nyuma kuangalia nani amenyamaza. Mjini hakuna anayeona. Watu hukata simu nikisita kwenye jina langu. Humalizia sentensi zangu kwa wema, na yao humaliziwa na wengine, na mara nyingi mimi husahau nilitaka kusema nini.

Waithaka sasa ina nyumba za kupangisha pale maganda yalipoanikwa, ingawa nduma bado zipo. Jumapili iliyopita nilikwenda. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa hasemi mwezi mmoja uliopita, alikuwa akitaja kila kitu kwa sauti, mlango, kuku, kiatu, kana kwamba anavigawia majina yeye. Baba alikuwa kwenye kiti chake akimtazama. Amezeeka kidogo, si sana, ila siku hizi huita mmoja wetu kwa jina la mwingine, na hunyamaza katikati. Niliaga, nilikuwa na mkoba begani na nimesimama mlangoni nikiwaza basi, aliponiita. "Mama," akasema, kisha akasimama. Kaka yangu akamwuliza kama anataka miwani. Mkewe akauliza kama ni redio, au maji, au mlango ufungwe. Kila walipotaja kitu alitikisa kichwa, na niliona lile neno likizidi kumkimbia. Wao wakachoka, wakatoka kumfuata mtoto. Mimi nilikuwa na maneno kumi ya kumpa, yote yalikuwa tayari mdomoni. Sikumpa hata moja. Basi lilipita barabarani, nikalisikia likienda. Baba aliendelea kunitazama, na uso wake haukuwa na haraka yoyote.

"Keti," akasema mwishowe.

Nikaketi.